Albamu ya Mpiga Dramu, Sura ya Mtu Mwingine: Dodoma, Huu Uhuni Tuuache



Leo sina picha za nani kavaa nini. Leo nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjakimbilia kwenye komenti kunitukana.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye uzinduzi wa albamu, hoteli moja ya hapa mjini, zile za Area D ambazo siku hizi jioni zinajaa watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Kiingilio shilingi 30,000, glasi ya kwanza ya mvinyo bure. Watu walipendeza. Sauti ilikuwa safi, jambo ambalo kwa kumbi zetu si la kila wiki. Na muziki, mtu wangu, muziki ulikuwa wa hatari. Jazi inaanza taratibu, roki inaingia na vurugu zake, halafu ghafla unasikia muheme, ule muheme kabisa wa kina bibi wa Mvumi, umehamia kwenye dramu za kisasa na haujapoteza kitu. Jamaa aliyekaa pembeni yangu, mtu mzima wa wizarani, aliweka simu chini. Dodoma hii, mtu wa wizarani kuweka simu chini!

Kisha wakafunua jalada.

Kwenye jalada kuna mwimbaji. Simtaji jina. Tumwite Kaka Kofia, wanaomjua wameshamjua. Sura yake imejaa jalada zima na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la albamu yenyewe. Albamu ina nyimbo nane. Kaka Kofia ameimba tatu. Kwenye zile tano nyingine hasikiki hata akikohoa. Aliyetunga zote nane ni mpiga dramu, na jina la mpiga dramu halikuwepo mbele, halikuwepo nyuma, halikuwepo hata kwenye bango la mlangoni. MC alishukuru wadhamini, meneja, fundi wa taa na mama wa nyama choma. Alipomaliza kushukuru, mpiga dramu alikuwa kule nyuma kapiga magoti, anafungua nati za dramu zake na kuzipanga kwenye mifuko, maana bajaji aliyokodi ilikuwa inamsubiri nje na bei ilikuwa inapanda.

Najuaje kwamba kazi ni yake? Kwa sababu nimekaa kwenye mazoezi yao. Chumba kimoja Nkuhungu, magodoro yameegemezwa ukutani ili majirani wapate usingizi. Huyu ndugu, tumwite Mwamba, alijifunza dramu kanisani kama wapiga dramu karibu wote wa nchi hii. Bibi yake ni mpiga muheme. Alipofika chuo, rafiki akampa flashi imejaa roki ya progresivu, ile roki ya Uingereza ya miaka ya 1970 iliyokataa kuhesabu nne-nne maisha yote. Wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa santuri, unahesabu saba, unahamia tano, unarudi nne kama vile hakuna kilichotokea. Mwamba akachanganyikiwa kwa furaha. Akaunda bendi ya roki na wenzake, wakapiga onyesho mbele ya watu kumi na moja, watatu kati yao wakiwa mafundi mitambo.

Baadaye akaanza kutunga fyusheni, yaani jazi iliyokubali kuchomekwa kwenye umeme na kukaa meza moja na roki. Nimemwona akimwimbia mpiga besi kila mstari kwa mdomo mpaka ushike. Nimemwona akimzuia mpiga gitaa: hapa nyamaza, hapa mpishe kinanda, hapa ingia kama mtu aliyechelewa daladala. Pesa ya studio ilipopungua aliuza pikipiki yake. Nakumbuka wiki ile alikuja mazoezini kwa miguu na hakusema kitu.

Sasa niambieni, hiyo ni albamu ya nani?

Tangu Jumamosi nimezungumza na watu watatu wa upande wa Kaka Kofia. Wamenipa sababu tatu. Nimezipima moja moja, na zote ni visingizio.

Kisingizio cha kwanza: mpiga dramu hawezi kubeba albamu

Wanasema mpiga dramu ni mtu wa nyuma, kazi yake ni kushika muda wenzake waonekane. Anayesema hivyo ajue anabishana na miaka hamsini ya rekodi.

Mwaka 1973, Billy Cobham, mpiga dramu wa Mahavishnu Orchestra, alitoa Spectrum kwa jina lake mwenyewe. Hadi leo wapenzi wa fyusheni duniani wanaitaja miongoni mwa rekodi zilizojenga mtindo huo. Hakuna aliyemwambia akamtafute mwenye kofia.

Bill Bruford alikuwa mpiga dramu wa Yes, bendi kubwa ya roki ya progresivu. Mwaka 1972, bendi ikiwa inapanda, akaondoka kwenda King Crimson kwa sababu alitaka muziki unaomsumbua akili. Mwaka 1978 akatoa Feels Good to Me, albamu yake ya jazi na roki. Humo ndani kuna Allan Holdsworth kwenye gitaa, Jeff Berlin kwenye besi, Dave Stewart kwenye kinanda, Kenny Wheeler kwenye pembe na Annette Peacock anaimba. Hao si watoto. Na hata hivyo albamu ni ya mpiga dramu, kwa jina la mpiga dramu, na mwimbaji anaimba pale mpiga dramu alipomwekea nafasi. Nimewatajia watu wote hao makusudi. Nimeweza kuwataja kwa sababu kila mmoja aliandikwa. Miaka karibu hamsini imepita, na mimi niliyeko Dodoma najua nani alishika besi.

Mnataka Mwafrika? Tony Allen wa Nigeria, mtu aliyejenga mapigo ya Afrobeat akiwa na Fela Kuti. Mwaka 1975, akiwa bado kwenye bendi ya Fela, alitoa Jealousy kwa jina lake, na bendi ile ile ya Africa 70 ikampigia. Fela, pamoja na ukubwa wake wote na kelele zake zote, alikubali kuona jina la mpiga dramu wake juu ya jalada. Kaka Kofia ni mkubwa kuliko Fela?

Na kwa nini tunaenda mbali? Panda gari twende Mvumi au Chamwino. Muheme unapigwa na wanawake. Wanasimama, ngoma yenye kiuno imebanwa katikati ya mapaja, mikono miwili juu ya ngozi, mmoja unatembea tatu na mwingine unatembea mbili, na bado wanaimba. Mwenye ngoma kubwa ndiye anayeamua wimbo ugeuke lini. Waimbaji wanamsikiliza yeye na wachezaji wanamsikiliza yeye. Kwa Wagogo mpiga ngoma kuongoza si wazo jipya la kutoka London. Ni jambo la Jumanne tu. Mwamba hakujifunzia uongozi kwa Bruford, alijifunzia kwa bibi yake. Bruford alimthibitishia tu kwamba bibi yuko sahihi.

Kisingizio cha pili: Dodoma hakuna soko la muziki huo, bila jina kubwa nani angekuja?

Hiki ndicho kisingizio chenye ukweli kidogo ndani yake, kwa hiyo nitakitendea haki. Kaka Kofia alileta watu. Alileta wadhamini. Ukumbi ulilipwa kwa sababu yake. Peke yake, Mwamba angepata tena wale kumi na moja wake. Nakubali.

Lakini kuleta watu ni kazi moja na kutunga ni kazi nyingine. Mleta watu alipwe kwa kuleta watu, na alipwe vizuri. Mwenye basi aliyekuleta harusini hageuki kuwa bwana harusi.

Na hii habari ya kwamba Dodoma ni ya zabibu, vumbi na semina tu, muziki mgumu tuwaachie Dar, inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inatufanya tusijijue. Kuna mtu aliitwa Patrick Balisidya. Mgogo wa Mvumi, kaondoka duniani mwaka 2004. Kama umewahi kuhudhuria sherehe ya Kitanzania yenye wazee, umecheza Harusi, na Harusi ni yake na bendi yake ya Afro 70. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba mwaka 1978 Afro 70 walitoa albamu na bendi ya Uswidi iliyoitwa Archimedes Badkar. Hao Waswidi walitoka kwenye harakati waliyoiita progg, wanamuziki wenye msimamo waliokataa kuendeshwa na kampuni kubwa, na bendi yao ilichanganya roki, jazi na muziki wa Asia na Afrika kabla ya watu kuanza kuuza mchanganyiko huo kama bidhaa. Albamu inaitwa Bado Kijana. Jina la Kiswahili, juu ya santuri ya Uswidi.

Kwa hiyo mtu wa Mvumi alishakaa meza moja na wanaroki wa Ulaya, kwa Kiswahili, karibu miaka hamsini iliyopita. Na sisi tunaambiwa Dodoma haiko tayari. Tulikuwa tayari kabla baba zetu hawajaoa.

Tena angalieni jalada lile limeandikwa nini. Majina mawili: Archimedes Badkar na Afro 70. Majina mawili yalitosha kwenye karatasi moja.

Njoo kwa Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu huu, aliyetoka hapa na zeze na ilimba akaizunguka dunia. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki, alitoa albamu inaitwa Assembly na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Jalada linasema Hukwe Zawose na Michael Brook. Mzungu alikuja na mitambo yake, na mashabiki wake, na mlango wa kampuni ya Peter Gabriel ukiwa wazi. Hakuna aliyesema kwa kuwa mitambo ni ya Brook basi Zawose afutwe. Majina mawili, yakatosha tena.

Na mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee huyo, walitoa Maisha wakijiita The Zawose Queens. Kwa miaka mingi wanawake wa familia ile walikuwa waitikiaji, watu wa nyuma. Wakasogea mbele, na jua halikuanguka.

Kwa hiyo nafasi kwenye jalada ipo. Kilichokosekana Ijumaa ni nia.

Kisingizio cha tatu: ngoma ni za asili, hazina mwenyewe

Hiki kilinifanya niinuke kwenye kiti. Mmoja wa watu wa Kaka Kofia, meneja, kijana msomi kabisa, aliniambia hivi: mapigo yale ni ya Wagogo wote, ni urithi wa taifa, sasa huyo dramu anadai kutunga nini?

Sikilizeni. Kiswahili ni chetu sote. Haina maana kwamba riwaya ya mtu ni yako kwa sababu maneno yake unayajua. Mapigo ya muheme ni urithi, sawa. Lakini kuyachukua mapigo hayo, kuyahesabu upya kwa saba, kuamua besi iingie wapi na kinanda kinyamaze wapi, hiyo ni kazi ya mtu mmoja na mtu huyo ana jina, ana kodi ya nyumba, na alikuwa na pikipiki.

Na sheria inajua hivyo. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ona jina lenyewe, yako maneno mawili. Hakimiliki ni ya aliyetunga. Hakishiriki ni pamoja na ya aliyeimba na aliyepiga. Yaani hata kama Mwamba asingetunga noti moja, kwa kupiga tu kwenye rekodi ile tayari sheria inamtambua. COSOTA ipo kwa ajili ya mambo haya. Si ubishi wa kijiweni huu.

Hoja ya kwamba muziki wa asili hauna mwenyewe ni ya zamani, na siku zote huwa inamfaa mtu mwenye mashine ya kurekodi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na vifaa vyake akirekodi, na Wagogo wamo. Polo Vallejo wa Hispania amekaa miaka kwenye kijiji cha Nzali, wilaya ya Chamwino, akichambua uimbaji wa Kigogo sauti kwa sauti. Wageni walikuja na daftari. Sisi wenyeji tunakuja na simu, tunakata sekunde nane za filimbi na ngoma, tunaziweka chini ya biti, tunaandika jina la prodyuza, basi. Halafu msimu wa tamasha la Chamwino ukifika tunavaa shanga na kupiga picha.

Kuna kisa kimoja nakipenda na kinanikera kwa wakati mmoja. Stewart Copeland, kabla hajawa maarufu na The Police, alikuwa mpiga dramu wa Curved Air, bendi ya roki ya progresivu. Mwaka 1985 alitoa albamu na filamu, zote zinaitwa The Rhythmatist. Alisafiri Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, pamoja na Burundi, Zaire na Kongo, akirekodi ngoma na kuongeza dramu zake juu yake, akisaidiwa na Ray Lema wa Zaire. Kwenye filamu kuna sehemu anapiga dramu ndani ya tundu la chuma huku simba wakilizunguka. Itafuteni, mtacheka.

Kisa hicho kinasema mambo mawili. La kwanza, mpiga dramu anaweza kuwa jina kubwa juu ya jalada, hata akiwa amefungiwa na simba. La pili ni swali. Zile ngoma alizozikuta huku kwetu zilikuwa na watu nyuma yake, watu wenye mikono na majina. Jina moja tu ndilo kubwa pale juu. Tukimtazama Mzungu wa 1985 tunaliona hilo haraka sana, tunapaza sauti, tunasema wizi. Je, Ijumaa iliyopita Area D, ambako hakukuwa na Mzungu wala simba, tulisema nini? Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Sasa nageukia upande wetu

Nilikuwa nimepanga kumaliza hapo. Makala ilikuwa imeshakaa vizuri, Kaka Kofia mbaya, Mwamba mzuri, tugawane laiki twende nyumbani. Lakini Jumapili jioni nilikwenda Nkuhungu kumwona Mwamba, nikamwomba anionyeshe karatasi aliyompelekea meneja kabla ya albamu kutoka, ile orodha ya nani amefanya nini. Alikuwa nayo kwenye simu. Utunzi, jina lake. Dramu, jina lake. Besi, gitaa, kinanda, kila mtu na jina lake. Orodha safi kabisa, na meneja aliitupa yote.

Kisha mstari wa mwisho. Ngoma za asili: akina mama wa Mvumi.

Nikamuuliza, akina mama gani?

Maana wimbo wa tatu na wa saba wana muheme halisi uliorekodiwa kule kijijini, chini ya mti, kinasa sauti juu ya stuli. Bibi yake yumo. Mama zake wadogo wamo. Walipewa soda na kanga. Na huyu kijana ambaye nimemwandikia aya hizi zote kwa uchungu, alikaa akaandika orodha ya haki, akafika kwa bibi yake mwenyewe, akaandika akina mama.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Dah." Akachukua simu akampigia bibi. Nilikuwepo. Alisalimia vizuri, akaulizia mahindi, akaulizia mguu, kisha akasema, bibi, naomba unitajie majina ya wote mliopiga siku ile. Bibi akauliza, kuna nini, kuna mtu kafa?

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mzima kule kijijini akisikia mnataka majina yote, anadhani ni msiba. Kwa sababu hakuna siku nyingine ambayo tumewahi kuwataja.

Kwa hiyo huu uhuni hauanzii kwa Kaka Kofia, ila yeye ndiye anayeufaidi zaidi. Mwimbaji anamfuta mpiga dramu. Mpiga dramu anamfuta bibi. Mwandishi, ambaye ni mimi, kwa miaka minne nimeandika "akisindikizwa na bendi yake" kila nilipoona watu sita jukwaani na kumjua mmoja tu. Nanyi wasomaji, jipimeni wenyewe. Mnaijua Morogoro Jazz, mnamjua Mbaraka Mwinshehe. Nani alikuwa anapiga dramu? Western Jazz? Afro 70 wenyewe? Hizo ndizo bendi tulizozijaza neno Jazz kwenye majina, na wazee wetu walizicheza mpaka viatu vikaisha. Mwimbaji utamtaja, mpiga solo labda. Aliyekuwa anawachezesha hutamtaja.

Na hili si suala la sifa tu. Mtu asiyeandikwa halipwi mara ya pili. Redio ikipiga wimbo, hayumo. Tangazo la bia likiuchukua, hayumo. Bendi kutoka nje ikija kutafuta mpiga dramu wa Dodoma wa kwenda naye ziara, inapata sura ya Kaka Kofia, ambaye hata vijiti hajui vinashikwa vipi. Mwamba sasa hivi anafikiria kuuza dramu zenyewe. Ameshauza pikipiki kwa ajili ya albamu, anataka kuuza dramu ili arudishe pikipiki. Albamu itabaki hewani inaingizia watu pesa, na aliyeitunga atakuwa anabeba abiria wanaoisikiliza kwenye simu zao.

Kwa hiyo tufanye nini

Kwanza, wanamuziki: karatasi kabla ya studio. Ukurasa mmoja, nani ametunga, nani anapiga, nani anapata nini, saini za wote. Rafiki anayekasirika ukimletea karatasi amekuokoa mapema.

Pili, mnaopakia nyimbo mtandaoni: zile nafasi za kujaza jina la mtunzi na wapigaji zipo na hazilipiwi. Kaka Kofia, au meneja wako, hiyo ni kazi ya dakika kumi na tano. Leo bado mnaweza kurekebisha. Jalada jipya nalo si la mabilioni. Weka majina mawili, sura yako ibaki kama unaipenda sana. Nitakuja kuandika hapa hapa kwamba mmefanya uungwana, na nitaandika kwa furaha.

Tatu, ma-MC: kabla ya kumshukuru mdhamini mara ya tano, geuka nyuma, hesabu watu, taja majina. Kama huyajui, uliza.

Nne, mimi. Kuanzia leo makala yoyote ya onyesho hapa itakuwa na majina ya wapigaji wote au haitatoka. Mkikuta nimeandika "bendi yake" nipigeni mawe.

Mwishowe najua mtauliza: mbona wewe mwenyewe hujamtaja Mwamba? Unalia majina yafichuliwe na umeandika makala nzima bila jina lake!

Nilimuuliza. Alisema nisimtaje. Ijumaa hii ana onyesho na Kaka Kofia tena, na Jumamosi, na mwezi ujao mikoa mitatu. Akitajwa anafukuzwa, na akifukuzwa kodi ya Nkuhungu hailipiki. Ndivyo mambo yalivyo. Mtu ametunga albamu bora niliyoisikia mjini hapa, na ili aendelee kula inabidi aombe asijulikane kwamba ni yake.

Orodha yake mpya ninayo. Mstari wa mwisho sasa una majina saba ya kina bibi, na mbele ya jina la bibi yake ameandika: ngoma kubwa, kiongozi. Ameituma kwa meneja Jumatatu asubuhi. Nasubiri nione watafanya nini, nami sitachoka kusubiri.

Komenti ya leo moja tu. Taja mpiga ngoma au mpiga dramu mmoja aliyewahi kukuchezesha kwenye muziki wowote, na useme alipiga wapi. Usipomjua jina, usiandike kitu. Nenda kamuulize kwanza.